Mahali pa kufanyia mkutano mdogo wa biashara mjini Kigali: mambo ya kupima kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wadogo wanaoagiza bidhaa kutoka nchi jirani hawana desturi ya kukodi kumbi. Mengi huamuliwa dukani, juu ya magunia, au kwa simu. Hata hivyo hufika siku ambapo simu haitoshi: fedha za watu kadhaa zinaunganishwa, mgeni anavuka mpaka ili aonane na wenziwe uso kwa uso, na mkataba unapaswa kutiwa saini. Siku hiyo, swali la mahali pa kukutania huwa si dogo tena. Mahali pasipofaa huweza kula sehemu ya mtaji, kuifikisha bei ya siri masikioni mwa mshindani, au kumnyamazisha mshirika ambaye neno lake lingewaokoa wote na hasara.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mahali pa mkutano wa watu wasiozidi ishirini mjini Kigali. Ili maelezo yasibaki hewani, tutaufuata mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wanane wanataka kuagiza kwa pamoja shehena ya mchele kutoka Tanzania. Wanne wana maduka Nyamirambo na Kimironko, wawili wanatoka Rubavu, mmoja ni muuzaji wa jumla atokaye Kahama, na wa nane ni wakala wa forodha. Mmoja wa wale wawili wa Rubavu ni mama mwenye hisa ndogo kuliko wenzake wote, naye huzungumza Kinyarwanda pekee.

Anza na uamuzi, jengo lifuate

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kutaja hoteli. Swali la kwanza liwe hili: watu wakiondoka mezani, ni jambo gani litakuwa limekamilika? Mkutano wa kufahamiana hauhitaji mlango wa kufungwa. Mkahawa wenye chai nzuri unatosha. Mkutano wa kupanga bei unahitaji faragha na ubao wa kuandikia. Mkutano wa kutia saini unahitaji, zaidi ya hayo, ukaribu na benki, mahali pa kutoa nakala, na noteri ikiwa mkataba utathibitishwa siku hiyo hiyo. Huduma za noteri hupatikana kwa manoteri binafsi na pia katika ofisi za serikali za ngazi ya sekta. Chumba kilicho mwendo wa dakika tano kutoka kwenye ofisi hizo kinaweza kuwa na thamani kuliko ukumbi wenye viti vya ngozi ulio upande wa pili wa mji.

Wanane wetu wanataka mambo matatu: wakubaliane bei ya kilo, wagawane gharama za usafirishaji, na watie saini. Kwa hiyo mkahawa wa wazi umekwisha kuondolewa kwenye orodha yao, hata kabla hawajauliza bei.

Nani anatoka wapi

Kigali ni chaguo la mazoea, na mara nyingi ni chaguo sahihi. Lakini haidhuru kuitazama ramani kwanza. Kutoka Rusumo, penye mpaka wa Tanzania, hadi Kigali ni takribani kilomita 160. Kutoka Rubavu, penye mpaka wa Kongo, umbali unakaribiana na huo. Kwa mfano wetu, basi, Kigali ipo katikati ya wageni wa mashariki na wa magharibi, na hakuna anayebebeshwa safari nzima peke yake.

Hali hubadilika washirika wakiwa wa upande mmoja. Anayekutana na Watanzania na Waganda kwa pamoja anaweza kufikiria Kayonza, mahali zinapoachana barabara ya Rusumo na ile ya Kagitumba. Anayekutana na watu wa Rubavu na wale wanaoingia kutoka Uganda kupitia Cyanika anaweza kufikiria Musanze. Miji hiyo ina hoteli zenye vyumba vya mikutano, na nauli inayookolewa huweza kulipia chumba.

Ndani ya Kigali kwenyewe, pima umbali kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ambako wengi wa wasafiri wa mikoani na wa nchi jirani hushukia. Mgeni aliyelala njiani hapaswi kupanda vilima vitatu zaidi. Unapomwelekeza, mpe namba ya barabara pamoja na alama inayojulikana. Barabara za Kigali huanza kwa herufi za wilaya: KN ni Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Mwenye pikipiki hujua msikiti, soko au kituo cha mafuta kilicho jirani kuliko namba, lakini namba ndiyo inayosomeka kwenye ramani ya simu. Mpe vyote viwili.

Saa ya nani?

Hapa ndipo mikutano mingi ya wavuka mipaka huanza kwa kuombana radhi. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hufuata saa za Afrika ya Kati. Tanzania, Kenya na Uganda zipo mbele kwa saa moja, na Kinshasa ipo nyuma ya Kigali kwa saa moja. Ikiwa saa nne asubuhi Dar es Salaam au Kampala, Kigali ni saa tatu.

Tatizo la pili limo katika lugha yenyewe. Msemaji wa Kiswahili, kama msemaji wa Kinyarwanda, huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na saa nne asubuhi kwake ndiyo saa inayoandikwa 10:00. Mtu aliyezoea Kifaransa au Kiingereza akisikia "saa nne" anaweza kuandika 4:00. Dawa ni kuandika mwaliko kwa namna isiyo na shaka: "saa nne kamili asubuhi (10:00), saa za Kigali". Maneno hayo machache yamewahi kuokoa siku nzima.

Kalenda nayo iangaliwe. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, asubuhi ni ya umuganda. Maduka hufungwa na magari hupungua barabarani. Jumapili mbili katika mwezi, baadhi ya barabara za Kigali hufungwa asubuhi kwa ajili ya siku isiyo na magari. Wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na si wakati wa kuita watu kwenye shughuli za biashara. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, usiweke ajenda yoyote ikiwa miongoni mwenu wapo Waislamu. Na Jumamosi usiwaite Waadventista. Ofisi za serikali, tangu Januari 2023, hufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Anayehitaji noteri wa sekta amalize mazungumzo mapema.

Aina za mahali na tabia zake

Duka au ofisi ya mmoja wenu. Halina gharama, na kwa kikao cha watu watatu linafaa. Udhaifu wake ni kwamba mwenyeji huwa na nguvu kuliko wageni. Wateja wake hukatiza mazungumzo, simu yake hulia, na wengine huona shehena yake na kukisia hali yake. Katika mashauriano ya bei, mahali pasipo pa mtu yeyote pana haki zaidi.

Mkahawa. Tangu mwaka 2021 sehemu ya Biryogo, ndani ya Nyamirambo, imetengwa kwa waendao kwa miguu, na meza za mikahawa zimejaa barabarani. Chakula ni halali, chai ni ya maziwa na tangawizi, na Kiswahili kinasikika kila upande, kwa kuwa eneo hilo limekuwa makazi ya Waswahili wa Kigali tangu enzi za ukoloni. Ni mahali pazuri pa kumpokea mgeni jioni ya kuamkia mkutano. Lakini kwa sababu hiyo hiyo si mahali pa kutaja bei: meza ya jirani nayo inaelewa kila neno.

Hoteli. Zipo kubwa zinazojulikana mbali, kama Mille Collines iliyofunguliwa mwaka 1973, na Kituo cha Mikutano cha Kigali kilichofunguliwa mwaka 2016, ambacho ukumbi wake mkuu huchukua zaidi ya watu 2,000. Watu wanane hawana haja ya mahali kama hapo. Hoteli za kati zilizoko Nyamirambo, Remera na katikati ya mji huwa na chumba kimoja au viwili vya watu kumi hadi ishirini, na baadhi hukitoa chumba bila malipo mkiagiza chakula cha mchana kwao.

Vituo vya dini. Makanisa na taasisi za dini huendesha nyumba za wageni zenye vyumba vya mikutano; Kituo cha Saint Paul, karibu na kanisa la Sainte-Famille katikati ya mji, ni miongoni mwa vinavyojulikana. Mara nyingi huwa na utulivu na bei ya wastani. Uliza kanuni zao kuhusu chakula kutoka nje na saa ya kufunga lango.

Maeneo ya kazi ya pamoja. Ni majengo yanayokodisha meza na vyumba kwa saa au kwa siku, kama Norrsken iliyo katikati ya mji na Impact Hub. Intaneti yao ni ya kutegemewa. Angalia kama kuta za chumba ni za kioo, kwani mpita njia anaweza kusoma ubao wenu.

Kumbi za ushirika na maktaba. Ushirika wenye ofisi yake huweza kuwaazima wanachama chumba kwa malipo madogo. Maktaba ya umma ya Kigali, iliyoko Kacyiru na kufunguliwa mwaka 2012, nayo inafaa kuulizwa.

Chumba kinachosikika

Nenda ukakione chumba kwa macho yako, ikiwezekana saa ile ile ambayo mkutano utafanyika. Picha za simu hazionyeshi kelele. Kwa meza moja inayozungukwa na watu, kadiria mita za mraba mbili hadi tatu kwa kila mtu. Watu wanane, basi, wanatoshwa na chumba cha mita nne kwa tano au kikubwa kidogo. Ukumbi mkubwa mno una hasara yake: sauti hupotea na watu hukaa mbali kama wageni msibani.

Keti kwenye kiti cha mwisho na umwombe mwenzako azungumze kwa sauti ya kawaida kutoka upande wa pili. Usipomsikia wewe, hatasikika na mwenye haya. Tazama juu: paa la mabati lisilo na dari likinyeshewa humeza maneno yote. Misimu ya mvua Rwanda ni Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, kwa hiyo si jambo la nadra. Mvua hiyo hiyo huwachelewesha wanaotegemea pikipiki.

Kagua njia ya kuingilia. Kigali ni mji wa vilima, na majengo mengi yana ngazi nyingi. Ikiwa kuna mwenye ulemavu, mzee, au mama aliye na mtoto mchanga, chumba kiwe sakafu ya chini au kuwe na lifti inayofanya kazi, na choo kisiwe mbali. Kagua pia jenereta, soketi za umeme na intaneti. Hata vyote vikiwapo, beba nakala za karatasi: mkataba uliochapishwa hauzimiki.

Lugha inahitaji nafasi

Katika mikutano ya eneo letu, jambo hili husahaulika kuliko yote. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini hilo halimaanishi kwamba kila aliye mezani anakifuata. Mtu asiyeelewa huitikia kwa kichwa, na kuitikia huko huandikwa kuwa ni ridhaa.

Ikiwa tafsiri itafanywa kwa zamu, yaani msemaji ananyamaza ili mkalimani arudie, muda wa mkutano unakaribia kuongezeka maradufu. Usikodi chumba kwa saa mbili ukitarajia mazungumzo ya saa mbili. Kikodi kwa nne. Ikiwa mkalimani atamnong'oneza mtu mmoja, wawili hao wakae pamoja mahali wanapomwona msemaji, mbali na dirisha la barabarani. Katika mfano wetu, mama wa Rubavu asiwekwe pembeni pamoja na mkalimani wake kama watazamaji. Kiti chake kiwe mezani.

Chumba kiwe na ubao au ukuta wa kubandika karatasi, kwa sababu tarakimu ndizo zinazopotea upesi katika tafsiri. Mtanzania akisema "laki tatu" anakusudia 300,000, na huenda msikilizaji hajapata kulisikia neno hilo. Akisema shilingi, iandikwe ni shilingi ya nchi gani, na ni sawa na faranga ngapi. Akisema gunia, iandikwe kilo ngapi, kwani gunia la huku si lazima liwe gunia la kule. Kila kiasi kiandikwe mahali ambapo wote wanakiona, kisha kila mmoja akisome kwa lugha yake. Mwishoni futeni ubao, wala msiache karatasi zenye bei kwenye kikapu cha taka.

Chakula na heshima

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni hapati nafuu mezani asipoweza kula. Uliza mapema nani hali nini. Kwa Mwislamu, jibu la "tutamtolea samaki" halitoshi ikiwa jiko ni moja na nyama ya nguruwe. Afadhali kuchagua mahali panapojulikana kuwa ni halali, ambapo wengine wote nao wataweza kula. Baa, hata ikiwa na chumba tulivu nyuma, huwaweka baadhi ya watu katika hali ya aibu wasiyoweza kuitamka. Katika mwezi wa Ramadhani, weka kikao asubuhi na uache chakula cha mchana; fedha zake zitumike kwa futari, ikiwa mgeni analala mjini. Popote mtakapokuwa, uliza kama ipo pembe safi ya kuswalia.

Gharama na karatasi zake

Hoteli nyingi hutaja bei kwa kichwa, ndani yake kukiwa na chumba, maji, chai na chakula cha mchana. Tuchukue tarakimu za kufikirika: faranga 20,000 kwa kichwa kwa watu wanane ni 160,000. Ikiwa bei hiyo haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, ongeza 28,800, na jumla inafika 188,800. Linganisha na kukodi chumba peke yake na kwenda kula mtaani baada ya kutia saini. Mara nyingi njia ya pili ni nafuu, ila hupoteza muda na watu hutawanyika.

Dai ankara ya awali iliyoandikwa kabla ya kutoa arubuni, na baada ya malipo dai stakabadhi ya mashine ya EBM yenye namba yenu ya mlipakodi. Bila stakabadhi hiyo, aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hawezi kudai kodi yake.

Amueni mapema nani analipa. Gharama ikigawanywa sawa kwa sawa, mwenye hisa ndogo hulipia ukumbi kwa kiwango kile kile cha mwenye hisa kubwa. Haki zaidi ni kuitoa kwenye mfuko wa pamoja kulingana na hisa.

Maswali ya kumwuliza mwenye ukumbi

1. Bei ni ya nini hasa, na je, kodi imo ndani yake?
2. Kuna idadi ya chini ya watu ambayo tutatozwa hata tusipofika?
3. Tukiahirisha kwa sababu mgeni amekwama mpakani, arubuni inarudi au inahamishiwa siku nyingine?
4. Kuna shughuli gani chumba cha jirani siku hiyo? Harusi, mazoezi ya kwaya, matengenezo?
5. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa baada ya muda gani?
6. Tukipitiliza kwa saa moja, tutalipa kiasi gani, au kuna watu wengine wanaoingia baada yetu?
7. Nani ana ufunguo, na atakuwapo saa ngapi?

Swali la tatu ndilo ambalo wengi huona haya kuliuliza, na ndilo linalogharimu zaidi katika biashara ya kuvuka mipaka.

Hitimisho

Wanane wetu, baada ya kupima yote, wangeweza kuangukia chumba kidogo cha hoteli ya kati Nyamirambo, sakafu ya chini, siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi kwa saa za Kigali. Mgeni wa Kahama angefika Jumanne na kunywa chai Biryogo pamoja na wenyeji wake. Chumba kingekodiwa kwa saa nne kwa sababu ya tafsiri, na noteri angefikiwa kwa miguu.

Kisha tuseme kwamba bei inaandikwa ubaoni kwa gunia, na yule mama wa Rubavu, baada ya mkalimani kumaliza, anauliza gunia hilo lina kilo ngapi. Iwapo wenzake walikuwa wakihesabu kilo 100 na muuzaji kilo 50, swali lake hilo moja limeokoa nusu ya fedha za kila mtu. Katika ukumbi wenye mwangwi, au akiwa ameketi nyuma ya mlango wa jikoni, huenda asingeliuliza. Kwa hiyo kabla ya kulipa arubuni, mfikirie yule asiye na nguvu ya kusema kwamba mahali hapo hapamfai, kisha ukague kama kutoka kwenye kiti chake anasikia, anaelewa na anasikika.